Enkoda ya Prosesa au ya Chipu: Kuchagua Mipangilio ya Video Mubashara Yenye Uchelewaji Mdogo

Anayeketi kupanga enkoda, yaani programu au sakiti inayobana video, kwa ajili ya matangazo mubashara hukutana na vitufe vingi, lakini swali lililo chini ya vyote ni moja: enkoda iruhusiwe kushikilia fremu (picha moja moja zinazounda video) ngapi kabla ya kuiachia ya kwanza? Kila fremu inayoshikiliwa ina gharama yake ya muda. Video ikiwa na fremu 30 kwa sekunde, gharama hiyo ni takriban milisekunde 33. Ikiwa na fremu 60, ni takriban 17. Enkoda inayoshikilia fremu nyingi huona yanayokuja, hugawa biti kwa busara, na picha hutoka safi. Ile inayoachia kila fremu papo hapo haijui kitakachofuata, hivyo hulazimika kukisia, na makisio hayo hulipiwa kwa ubora wa picha. Hapa ninalinganisha x264, inayotumia prosesa ya kompyuta, na enkoda zilizojengwa ndani ya chipu, yaani NVENC ya NVIDIA, Quick Sync ya Intel na VideoToolbox ya Apple. Baada ya hapo ninalinganisha mipangilio ambayo, kwa maoni yangu, ina uzito kuliko jina la enkoda yenyewe.

Itifaki ndiyo inayoweka sakafu

Kabla ya kugusa enkoda ni lazima kujua njia itakayosafirisha picha, kwa sababu njia hiyo ina uchelewaji wake ambao hakuna mpangilio wa enkoda unaoweza kuufuta. HLS, itifaki ya Apple ya kupeleka video kwa watazamaji wengi, katika hali yake ya kawaida hukata video katika vipande. Apple hupendekeza vipande vya sekunde 6, na maelezo ya itifaki hiyo yaliyochapishwa mwaka 2017 kama RFC 8216 yanakitaka kicheza video kisianze karibu na mwisho wa matangazo kuliko urefu wa vipande vitatu. Hizo tayari ni sekunde 18, na bado hatujahesabu kamera, enkoda wala mtandao. HLS ya uchelewaji mdogo, iliyotangazwa na Apple mwaka 2019, hugawa kila kipande katika visehemu vinavyotumwa kabla kipande kizima hakijakamilika, na kwa njia hiyo hushusha uchelewaji hadi sekunde chache. SRT, itifaki ya kupeleka video kwenye intaneti kutoka mahali pamoja hadi pengine, huja na bafa (akiba ya kusubiri) ya milisekunde 120, ambayo ni nafasi ya kuomba tena pakiti zilizopotea njiani, na umbali ukiwa mkubwa bafa hiyo hulazimika kuongezwa. WebRTC, teknolojia ya sauti na video ya moja kwa moja iliyomo ndani ya vivinjari, iliundwa kwa ajili ya mazungumzo, na mtandao ukiwa mzuri hukaa chini ya nusu sekunde bila taabu.

Ninasisitiza jambo hili kwa sababu kosa ninaloliona mara nyingi ni la mtu anayebana enkoda mpaka picha inaharibika, kisha anaipeleka picha hiyo kwenye HLS ya sekunde 18. Ameokoa muda mfupi ambao hakuna mtazamaji atakayeuona, na amelipa kwa ubora ambao kila mtazamaji atauona. Kosa la upande wa pili lipo pia, ingawa si la mara kwa mara: mtu anajenga mfumo wa WebRTC kwa ajili ya mazungumzo, halafu anaacha enkoda katika mipangilio yake ya awali, na enkoda peke yake inakula zaidi ya sekunde nzima.

x264 na enkoda za chipu

Mipangilio ya awali ya x264 haikutungwa kwa ajili ya matangazo mubashara. Katika kiwango cha kasi kiitwacho medium, ambacho ndicho cha awali, enkoda hutazama fremu 40 mbele ili kuamua biti ziende wapi, na hutumia hadi fremu 3 za B mfululizo, yaani fremu zinazokisiwa kutokana na fremu za kabla na za baada yake. Juu ya hayo kuna nyuzi za prosesa, yaani kazi zinazoendeshwa sambamba. Kwa kawaida x264 huanzisha nyuzi moja na nusu kwa kila kiini ambacho mfumo wa uendeshaji unakiona, na kila uzi hushughulikia fremu yake, kwa hiyo prosesa inayoonekana kuwa na viini 8 hupata nyuzi 12 na kuongeza fremu 11 za kusubiri. Jumla inapita fremu 50, ambazo kwa kasi ya fremu 30 ni zaidi ya sekunde moja na nusu.

Wengi hudhani kwamba kuhamia kiwango cha veryfast kunatatua tatizo hili, kwa kuwa neno lenyewe linaahidi haraka. Jina hilo linaeleza kazi anayopewa prosesa, halielezi muda ambao fremu inasubiri. Veryfast bado hutazama fremu 10 mbele na bado ina fremu za B, na ukijumlisha nyuzi zilizotajwa hapo juu, fremu zinazosubiri huzidi 20. Mpangilio unaoondoa kusubiri ni mwingine kabisa, nao ni tune zerolatency. Huu huzima fremu za B, huzima kutazama mbele pamoja na ugawaji wa biti unaotegemea utazamaji huo, na hubadilisha namna nyuzi zinavyofanya kazi: badala ya kila uzi kuchukua fremu yake, fremu moja hukatwa vipande na nyuzi zote hufanya kazi juu ya fremu hiyo hiyo. Fremu ikiingia, hutoka kabla ya nyingine kuingia. Hasara yake ni kwamba kipande kimoja hakiwezi kukisiwa kutokana na kipande jirani, hivyo mgandamizo hupungua kidogo. Upungufu mkubwa zaidi, hata hivyo, hutokana na kupotea kwa fremu za B na kutazama mbele.

Enkoda za chipu zina tabia nyingine. NVENC ni sakiti ya pekee ndani ya kadi ya grafiki, iliyoanza na kizazi cha Kepler mwaka 2012. Quick Sync ilikuja mwaka uliotangulia pamoja na prosesa za Sandy Bridge. Kwa kuwa sakiti hizi hazishindanii prosesa na programu nyingine, muda wa kusimba (kubana) fremu moja haubadilikibadiliki sana. Jambo hili lina thamani kubwa kuliko linavyopewa. Kwenye x264, programu nyingine ikichukua prosesa kwa ghafla, fremu moja inachelewa, foleni inajengeka, na kicheza video cha upande wa pili kinapanua bafa yake ili kujilinda. Kikishapanua bafa, mara nyingi hakiirudishi upesi. Kwa hiyo mashine inayofanya kazi nyingine nzito wakati wa matangazo, kama kuendesha mchezo au kuchanganya kamera kadhaa, inafaa kutumia chipu, hata kama x264 ingetoa picha nzuri zaidi katika hali ya utulivu.

Kuhusu ubora, pengo la zamani limepungua sana. Tangu kizazi cha kadi za NVIDIA kiitwacho Turing cha mwaka 2018, picha ya NVENC ya H.264 (mojawapo ya miundo ya kubana video) imefika mahali ambapo viwango vya haraka vya x264 havina tena faida ya wazi. x264 hushinda pale tu prosesa inapokuwa na nafasi ya kutosha kutumia kiwango cha polepole zaidi, na inaposhinda, ushindi huo huonekana zaidi kasi ya biti, yaani biti kwa sekunde, ikiwa ndogo.

Usidhani, lakini, kwamba chipu haihitaji kupangwa. Ndani ya FFmpeg, programu ya kuchakata video, NVENC huweza kushikilia fremu kadhaa hata baada ya fremu za B kuzimwa, hivyo huhitaji delay iwekwe 0 pamoja na tune ya ull, ambayo ndiyo iliyokusudiwa uchelewaji mdogo kabisa. Quick Sync ina async_depth, ambayo kwa kawaida ni 4, iweke 1. VideoToolbox ina alama ya realtime ya kuiwasha. Viwango vya NVENC vya P1 hadi P7 hupanga kasi dhidi ya ubora, kama vile majina ya x264, na havipaswi kuchanganywa na tune. Mtu anaweza kutumia P5 pamoja na ull bila kupingana na lengo lake, mradi kadi inamaliza fremu kabla ya inayofuata kufika.

Fremu za B na kutazama mbele

Fremu ya B hukisiwa kutokana na fremu iliyotangulia na ile itakayofuata, hivyo haiwezi kusimbwa mpaka hiyo inayofuata ifike. Fremu 3 za B mfululizo humaanisha kusubiri fremu 3, yaani milisekunde 100 kwa kasi ya fremu 30. Kwa mazungumzo ya pande mbili, hiyo ni sehemu kubwa ya bajeti, kwani pendekezo la G.114 la ITU, shirika la kimataifa la mawasiliano, huhesabu milisekunde 150 za upande mmoja kuwa kiwango ambacho chini yake mazungumzo mengi hayaathiriki. Isitoshe, utekelezaji wa WebRTC katika vivinjari haukujengwa kwa ajili ya fremu za B za H.264, na ukizituma picha huweza kurukaruka mbele na nyuma. Hapo hakuna la kulinganisha: zizime.

Kwa HLS ya uchelewaji mdogo hali ni tofauti. Fremu 2 za B huongeza takriban milisekunde 67 kwenye mfumo unaokusudiwa kuchelewa sekunde 3, na kwa malipo hayo madogo hurudisha ubora unaoonekana. Ninaziacha ziwake, pamoja na kutazama mbele kwa fremu 10 hadi 20.

Iko njia moja isiyotajwa vya kutosha. Kila kusubiri kunakohesabiwa kwa fremu hukatwa nusu ukipandisha kasi kutoka fremu 30 hadi 60. Biti zinazohitajika huongezeka, lakini haziongezeki maradufu, kwa sababu fremu zilizokaribiana zaidi hufanana zaidi. Chipu ikiwa na uwezo na mtandao ukiruhusu, hii ni njia ya kupunguza uchelewaji ambayo pia huboresha mwendo wa picha.

Udhibiti wa kasi ya biti

Hapa ndipo ninapomwomba msomaji atulie, kwa maana watu hufuta kila fremu ya kusubiri ndani ya enkoda, kisha hujirudishia uchelewaji ule ule kwa bafa ya udhibiti wa biti bila kujua.

Njia ya ubora usiobadilika, ambayo x264 huiita CRF, haifai peke yake kwa njia yenye upana maalumu, kwa sababu haiweki mpaka wa ukubwa wa fremu. Tukio lenye mwendo mwingi likija, enkoda hutoa biti nyingi kuliko mtandao unavyoweza kubeba, na ziada husimama kwenye foleni. Njia ya kasi isiyobadilika, CBR, ndiyo ya kawaida, lakini jina hilo nalo halitoshi. Kinachoamua ni ukubwa wa bafa ya VBV, yaani bufsize, ukigawanywa kwa kasi ya biti. Ukiwa na kilobiti 3000 kwa sekunde na bufsize ya kilobiti 3000, umeiruhusu enkoda kwenda mbele ya kasi yake kwa kiasi cha sekunde nzima. Kwenye njia isiyo na nafasi ya ziada, kiasi hicho hugeuka kuwa sekunde nzima ya kusubiri pale enkoda inapokitumia chote.

Mwisho wa upande wa pili ni bafa ya fremu moja: kilobiti 3000 zikigawanywa kwa fremu 30 hutoa kilobiti 100, na hakuna fremu inayoruhusiwa kuzidi hapo. Uchelewaji wa kusafirisha huwa karibu sawa kwa kila fremu. Kwa picha yenye mwendo wa kawaida njia hii hufanya kazi vizuri, lakini fremu ya ufunguo, ambayo inajitegemea na kwa asili huhitaji biti mara kadhaa zaidi ya fremu ya P (inayokisiwa kutokana na fremu zilizotangulia tu), hubanwa kuingia katika nafasi ile ile, na mtazamaji huona picha ikififia na kurudi kila mara ufunguo unapofika. Kati ya ncha hizo mbili, mimi huanza na bafa ya fremu 3 hadi 6 kwa mazungumzo, na nusu sekunde hivi kwa SRT, kisha narekebisha kwa kutazama picha yenyewe. Upana wa njia ukiwa mara mbili ya kasi ya biti, bafa kubwa zaidi haina madhara makubwa, kwa kuwa ziada hupita haraka; ukiwa umebanana na kasi hiyo, kila kilobiti ya bafa ni muda.

Fremu ya ufunguo au kuhuisha kidogo kidogo

HLS inahitaji kila kipande kianze kwa fremu ya ufunguo, kwa hiyo uamuzi umeshafanywa: weka ufunguo kila baada ya sekunde 2, yaani fremu 60 kwa kasi ya fremu 30, na uzime ugunduzi wa mabadiliko ya tukio ili enkoda isiongeze funguo nyingine kwa hiari yake. Katika WebRTC mpokeaji mwenyewe huomba ufunguo anapopoteza picha, hivyo funguo za mara kwa mara ni mzigo usio na kazi.

Kwa njia ya SRT kutoka kwa mtumaji mmoja kwenda kwa mpokeaji mmoja, kuna chaguo la tatu. x264 na NVENC zote huweza kuhuisha picha kidogo kidogo: badala ya fremu nzima ya ufunguo, ukanda mwembamba wa picha husimbwa upya katika kila fremu, na ukanda huo husogea mpaka picha yote imehuishwa. Ukubwa wa fremu huwa karibu sawa daima, na bafa ya fremu moja niliyoieleza hapo juu huwa ya kweli bila kufifia kwa picha. Njia hii ni nzuri sana kwa kazi yake, lakini ina masharti. Mpokeaji anayejiunga katikati husubiri mzunguko mzima ukamilike kabla ya kuona picha safi, na baadhi ya vicheza video hukataa kuanza mahali pasipo na fremu ya ufunguo. Jaribu na kifaa kile kile cha upande wa pili kabla ya siku ya matangazo.

H.264, HEVC na AV1

H.264 ya mwaka 2003 bado ndiyo chaguo la kwanza pale usipojua mtazamaji ana kifaa gani, na vivinjari vinavyofuata RFC 7742, kanuni ya video ya WebRTC, hulazimika kuikubali pamoja na muundo wa VP8. HEVC, mrithi wa H.264, hubana vizuri zaidi, lakini kukubaliwa kwake katika vivinjari hakulingani. Inafaa zaidi pale ncha zote mbili ziko mikononi mwako. AV1, muundo mpya zaidi, ilipatikana kwenye chipu za kusimba za kompyuta za kawaida kuanzia mwaka 2022, kwa kadi za Intel Arc na kizazi cha Ada cha NVIDIA, na mwenye chipu hiyo anapaswa kuijaribu. Asitarajie, hata hivyo, kupata akiba yote inayosifiwa, kwa sababu sehemu ya akiba hiyo hutokana na fremu zilizojengwa kwa kutazama mbele, na uchelewaji mdogo huziondoa. Kwa prosesa pekee, SVT-AV1, enkoda ya AV1 ya programu, huhitaji kuwekewa pred-struct ya uchelewaji mdogo na mashine yenye nguvu.

Uchaguzi kwa kazi iliyo mbele yako

Kwa mazungumzo au kuongoza kifaa kwa mbali, nachagua enkoda ya chipu bila kusita: fremu za B zimezimwa, hakuna kutazama mbele, bafa ni ya fremu chache, na ufunguo hutumwa unapoombwa. Pasipo chipu, x264 yenye zerolatency na kiwango cha superfast au veryfast, kulingana na nguvu ya prosesa, hufanya kazi hiyo kwa uaminifu. Kwa kupeleka picha kutoka uwanjani hadi studio kupitia SRT, mashine ikiwa haina kazi nyingine, naielekea x264 kwa sababu ya udhibiti wake mzuri wa bafa ndogo na kuhuisha kidogo kidogo. Kwa hadhira kubwa kupitia HLS ya uchelewaji mdogo, enkoda yoyote kati ya hizi inatosha, na zerolatency isitumike.

Kabla ya kuilaumu enkoda, mtazame pia anayepokea. Kuna wakati nilipoteza jioni nzima nikibana mipangilio ya enkoda ya chipu huku uchelewaji ukikataa kushuka. Enkoda ilikuwa ikiachia kila fremu kwa wakati, ila haikuandika kwenye mtiririko kwamba fremu hazitapangwa upya, na kicheza video, kwa kufuata kanuni ya H.264, kilishikilia fremu kadhaa kwa tahadhari. x264 huandika taarifa hiyo yenyewe. Baadhi ya enkoda za chipu hazifanyi hivyo mpaka ziagizwe.

Kipimo cha kuaminika ni cha jicho: elekeza kamera kwenye saa inayoonyesha milisekunde, weka skrini ya mpokeaji kando yake, piga picha ya zote mbili kwa pamoja, na utoe namba moja kutoka nyingine. Skrini ya Hz 60 hubadilika kila baada ya milisekunde 17 hivi, kwa hiyo piga picha kumi na utumie wastani wake, kisha badilisha mpangilio mmoja tu kabla ya kupima tena. Rudia kipimo hicho baada ya saa moja ya matangazo, kwani uchelewaji unaoanza vizuri na kukua polepole haukutokana na fremu za B, bali na foleni inayojengeka mahali fulani kati ya enkoda na mtazamaji.